Jina Nililolipigia Yowe

Alhamisi, masika.

Mvua imetuonea huruma leo. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni mwa banda la mbuzi, na kila nikitoka nje narudi na kilemba kilicholowa. Mama mkwe amelala kwenye kitanda cha kamba karibu na moto, mguu umefungwa vipande vya mianzi. Shikamoo yangu ameiitikia, uji ameushukuru, basi. Tangu juzi hanisemeshi zaidi ya hapo.

Nadhani amenikasirikia. Niseme kweli, naogopa.

Naogopa kwa sababu nampenda, na sikutarajia kumpenda. Nilipoolewa kutoka kijijini kwetu Kisiwani kuja huku Mamba, juu milimani, wenzangu walinitisha kwamba wakwe wa milimani ni watu wa maneno machache na kazi nyingi. Kazi kweli ni nyingi. Lakini mume wangu aliposhuka kwenda kufanya kazi kwenye mkonge, tukabaki wawili katika nyumba hii, ni yeye aliyenimenyea ndizi nilipochoka na kunisugulia miguu ilipovimba. Mimba yangu sasa imefika mahali ambapo sioni vidole vya miguu yangu mwenyewe.

Ni mtu wa kujiandaa, huyu mama. Watu husema ajali haina kinga. Yeye hujibu, "Sawa, haina kinga, lakini maji ya kuzimia moto umeteka?" Pale mlangoni kuna mtungi ambao hata ufe kwa kiu huruhusiwi kuuchotea. Vita vimekwisha lakini vibiriti dukani bado ni vya bahati, kwa hiyo kila jioni anafukia kaa kubwa kwenye majivu, na mimi nimeshakemewa kwa kulifukua mapema. Kanga yake kuukuu aliichemsha, akaikausha, akaikunja na kuihifadhi darini, ya kufungia jeraha. Mshubiri ameupanda karibu na mlango wa jikoni kwa ajili ya kuungua. Maharage ya akiba usiyaguse mpaka njia zikatike. Fedha hatuna, na bado sijaona nyumba iliyokaa tayari kama hii.

Alisema kitu kimoja tu ndicho kilichopungua. Sauti yangu.

Kisiwani kwetu ni tambarare. Ukipata shida unaita tu, jirani anafika. Huku jirani wa karibu ni shangazi yake mume wangu, naye yuko ng'ambo ya bonde. Unamwona akianika nguo zake, lakini kumfikia ni kushuka mpaka mtoni na kupanda tena. Kwa hiyo watu wa huku hupiga yowe. Na mimi nililelewa niwe mke mwema, yaani mke asiyesikika.

Basi mama mkwe akanifundisha kupiga kelele.

Tulisimama pale migomba inapoishia. Akaweka mkono wake tumboni kwangu, juu ya mtoto, akasema sauti ianzie hapo, si kooni. Bonde halibebi maneno mengi, alisema. Ukipiga maneno kumi, ng'ambo watapata moja, tena bovu. Unataja jina la aliyepatwa, unalivuta, unanyamaza wakusikie, unalirudia. Wakijua ni nani, watajua waje na nini. Jaribio langu la kwanza lilimshtua kuku mmoja tu, na mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini.

"Na ukipatwa wewe, mama?" nikamwuliza.

Maana jina la mkwe mimi silitamki, ni mwiko. La mume pia silitamki. Nikimhitaji mtu wa nyumba hii nasema mama, au nakohoa.

"Mimi nitajipigia mwenyewe," akasema, akijifuta machozi ya kicheko.

Hakuweza kujipigia.

Juzi alasiri alikwenda kukata majani ya mbuzi chini ya ukingo wa shamba, mahali ambapo mvua ilikuwa imelainisha udongo. Nilisikia kishindo, si kikubwa, kama mtu ametua gunia. Nilipofika, ukingo mzima ulikuwa umemshukia, na mgomba juu yake, mizizi na tope. Kichwa na mkono mmoja ndivyo vilivyokuwa nje. Alikuwa akivuta pumzi fupi fupi, macho ameyafumba. Nikaanza kufukua kwa mikono, lakini kila nilichotoa kilifuatwa na kingine kutoka juu. Mgomba sikuweza hata kuutikisa.

Nikakimbia, kama mtu mwenye tumbo hili anavyoweza kukimbia, mpaka pale migomba inapoishia, nikapiga yowe. Mafunzo yote yakanitoka. Nilichopiga ni, "Mama! Mama!"

Ng'ambo wakaitika. Alikuwa shangazi, na shangazi ndiye anayezalisha wanawake wa huku. "Tunakuja! Usisukume bado!" Kisha nikamsikia akiwafokea wanaume wabaki, haya si mambo yao, na mtu aanze kuchemsha maji.

Nikaelewa. Mwanamke mwenye mimba akiita mama, nani afikirie jingine? Nikajaribu kuongeza "mkwe, mkwe," lakini ni neno fupi, likafia kwenye migomba. Walikuwa wanakuja wanawake wawili na wembe na uzi, na mimi nilihitaji wanaume na majembe. Na kule nyuma sikujua kama ile pumzi fupi bado ipo.

Sikufikiri zaidi. Nikashika tumbo langu, nikalitaja jina lake.

Nakijwa.

Nikalivuta mpaka bonde likanirudishia. Nikanyamaza, nikalirudia, tena na tena. Kijiji kizima kikasikia mkaza mwana akimwita mkwe wake kama anavyomwita mwenzake mtoni. Halafu nikaona wanaume wanateremka mbio na majembe, mmoja ana mti wa machela begani.

Walimtoa jua likiwa bado linaonekana. Mguu umevunjika chini ya goti na mbavu zinamuuma, lakini anapumua, anakula, na mzee mmoja anayejua kuunga mifupa ameshaufunga. Ile kanga ya darini imetumika yote. Njia ikikauka watambeba mpaka hospitali ya misheni.

Hakuna aliyenilaumu usoni. Shangazi alinishika mkono tu, akaninong'oneza nitafute kuku niombe radhi mapema, maana neno la namna hii likilala linakua. Kuku tulionao wa maana ni mmoja, na maskini ndiye anayetaga. Nimemfunga mguu tangu asubuhi.

Mchana nilishindwa kuvumilia. Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nisamehe. Nilikutaja."

Mimi nikawa namtazama kuku.

"Nilisikia," akasema mwishowe. "Nilikuwa nimeshaanza kwenda, mwanangu. Ulikuwa usingizi mzuri. Nikasikia naitwa, nikadhani ni mama yangu, nikasema ngoja niende nikamsikilize anataka nini."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kuliwaza. Tangu amzae mume wangu, kwa kila mtu yeye ni mama fulani. Marehemu mumewe naye alimwita hivyo hivyo. Aliyekuwa akimwita Nakijwa ni mama yake tu, na mama yake alizikwa hata kabla barabara ya kupandia huku haijachimbwa. Siku hizi mbili hakuwa amekasirika. Alikuwa amenyamaza kwa sababu bado alikuwa anaisikia ile sauti, na hakutaka maneno mengine yaje juu yake.

Mimi hapo nilikuwa nalia, sifichi.

"Mfungue kuku wa watu," akasema. Halafu akageuzia uso ukutani. "Niite tena."

Nilishindwa. Mbele ya bonde zima niliweza, kando ya kitanda nilishindwa. Nikashika ukingo wa blanketi lake. Alingoja, hakunihimiza. Mwishowe likatoka chini chini, nusu yake ni kilio.

"Nakijwa."

Na mama mkwe wangu, pamoja na mvi zake zote, akaitika kama msichana mdogo aliyeitwa na mkubwa wake.

"Abee."

Sasa kesho asubuhi nikimpelekea uji, sijui nitamwita nani.