Jina ambalo bibi hakulitaja

Jovina, sikia hii. Bibi Tunu kanisimulia sasa hivi.

Enzi za Mwingereza mumewe, Mngazija, alishanyimwa kibali cha kuishi Dar mara mbili. Safari ya tatu bibi akatoka Temeke kwenda kumdhamini.

Afisa Mzungu akamuuliza, "Mumeo anaitwa nani?"

Mke mwenye adabu hatamki jina la mumewe.

"Baba Jabiri," akasema.

"Jina lake."

"Baba Jabiri, bwana."

"Hata jina lake hulijui. Ndoa gani hii?"

Mume akarudishwa Komoro. Hakuonekana tena.

Jina tu, Jovina. Jina tu.

Sasa bibi yuko chumbani anaita, "Mchangama. Mchangama bin Ali." Kisha ananiuliza kama afisa amesikia.