Kidonge Kimoja Ndani ya Kopo

Kwako Mama Elisabeth, unayewajibu wamama katika gazeti letu,

Kuna sauti moja haitoki kichwani mwangu: kidonge kimoja cha kinini, dawa ya malaria, kikigonga ndani ya kopo la bati, ko, ko, mkononi mwa mama mukwe wangu. Ni kwa ajili ya sauti hiyo ninakuomba unisaidie, maana hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Mimi ni mwalimu, nilisoma kwa masista, na naishi Burungu kwa mama mukwe, Mama Kamaliza, mjane anayechunga ng'ombe na kuuza maziwa. Mume wangu Karangwa ni karani Walikale, na ni huko, tulipokwenda kumtembelea, mtoto wetu wa pekee Honoré, wa miaka miwili na nusu, aliumwa na mbu, na tuliporudi mlimani homa ikampanda. Tulimpeleka kwa munganga Émile wa zahanati, mama mukwe akimbeba mgongoni, na munganga akatupa vidonge saba akasema mbele yetu wawili: nusu asubuhi, nusu jioni, siku saba. Mimi niliandika kwenye karatasi. Mama mukwe hajui kusoma, yeye alisikiliza tu.

Siku ya kwanza nilifuata karatasi, lakini siku ya pili homa ilirudi, mtoto akatetemeka mpaka meno yakagongana, nami nikajiambia kwamba kama nusu inapunguza homa basi kidonge kizima kitaimaliza, nikampa kizima asubuhi, kingine mchana, kingine jioni, nikimfinya pua ili ameze, wala sikumwambia mtu.

Sasa ni lazima umfahamu mama huyu. Maisha yake yote anasukasuka maziwa ndani ya kibuyu juu ya mapaja yake, na hakifungui kuchungulia kama sisi wengine, anainamisha kichwa na kusikiliza, na sauti ikibadilika anasema, "Siagi imekuya," tukifungua tunaikuta. Ng'ombe wake pia hawahesabu, kwao kuhesabu ng'ombe ni mwiko, lakini wakiingia zizini anasikia kwato zao na kusema ni yupi aliyebaki malishoni. Sijawahi kumwona akikosea. Asubuhi ya siku ya tatu alichukua kopo la dawa, akalitikisa karibu na sikio.

"Daphrose, ile dawa inaisha mbio."

"Mama, zingine zilianguka mu majivu."

"Ah! Siku hizi majivu njo inaugua homa?"

Nilicheka, nikampa mtoto kidonge kizima asubuhi ile ile, na kingine mchana.

Saa tisa mama mukwe alikuwa anasukasuka maziwa mlangoni. Kila siku sauti ya kibuyu inapobadilika Honoré huacha mchezo na kukimbia kulamba siagi ya kwanza kwenye kidole cha bibi yake, lakini siku hiyo alikaa ametupa mgongo, anapanga magunzi ya mahindi.

"Honoré! We mwizi wa siagi, kuya!"

Hakugeuka. Mama mukwe akaweka kibuyu chini, jambo ambalo sijamwona akilifanya kabla siagi haijakusanyika, akaja nyuma ya mtoto, akapiga makofi. Hakuna.

"Mutoto hasikie," alisema. Akaingia ndani, akatoka na kopo, akalitikisa mbele yangu, na humo kikagonga kidonge kimoja. "Leo jioni usimupatie," alisema tu, na sikumpa.

Homa haikurudi, lakini wiki mbili zimepita na mtoto anasikia kwa shida. Nilimrudisha peke yangu kwa munganga, akaniuliza kama nilifuata agizo lake, nikasema ndiyo, basi akadhani ugonjwa uko ndani ya masikio akanipa dawa ya matone, ya kutonesha humo, nami nimekwisha kuitia mara mbili. Nilimwandikia Karangwa pia bila kueleza chanzo, naye akajibu kwamba bila shaka ni mama yake aliyempa mtoto dawa zake za mizizi, na kwamba asimguse tena. Barua hiyo niliisoma mimi mwenyewe mbele ya mama mukwe, mstari kwa mstari, maana ni mimi ninayemsomea.

"Sawa," alisema. "Mwandikie kwamba nimesikia."

Tangu siku hiyo anasukasuka maziwa kule zizini, mtoto asimfuate. Anajua, Mama Elisabeth, anajua vizuri, na hajanitaja kwa mtu yeyote. Nikisema kweli, nitabaki mwalimu gani, na mke gani? Nikinyamaza, mtoto anatiwa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Nifanye nini?

Daphrose, Burungu

*

Daphrose,

Pole. Mama anayemwona mtoto wake akitetemeka hafikiri sawasawa, na si wewe wa kwanza kudhani kwamba dawa nyingi inaponya upesi. Kwa hofu yako nakuhurumia. Kwa uongo wako, hapana. Umedanganya mara tatu: kwa mama mukwe, kwa munganga, na kwa mume wako kwa kunyamaza. Karatasi uliiandika kwa mkono wako mwenyewe, na aliyeshika agizo lililomo ni mama asiyejua hata herufi moja. Unamsifu, na una haki. Lakini sifa zako zinamsaidia nini kule zizini?

Mimi si munganga, na sitakuambia hapa kama masikio yatapona. Dawa ya kutonesha usiiguse mpaka munganga aseme. Mbebe mtoto leo, chukua kopo, useme ni vidonge vingapi na saa ngapi, bila kupunguza hata kimoja. Kisha mwandikie mume wako, na kabla hujaifunga barua, msomee mama mukwe kama ulivyomsomea ile ya kwanza. Aibu yako utaizoea. Mtoto hawezi kungoja uizoee.

Mama Elisabeth

*

Kabla jibu hili halijachapwa, Daphrose alituandikia tena:

Mama Elisabeth, unisamehe, sikuweza kungoja. Alhamisi nilimwomba mama mukwe twende pamoja, na mbele ya munganga Émile nilisema: vidonge vizima vitano kwa siku mbili, mahali pa kimoja na nusu. Munganga alinigombeza mpaka wagonjwa kwenye benchi wakaacha kukohoa, na nilikuwa nimeinamisha kichwa niliposikia mama mukwe akisema, "Munganga, inatosha. Mutoto njo wa kuangalia, si mama yake." Basi akamwangalia. Alisema kinini ndiyo iliyofunga masikio, tuache ile dawa ya kutonesha, na kwamba mara nyingi kusikia hurudi kidogo kidogo, lakini haahidi, tumlete kila Jumatatu.

Barua ya kwenda kwa Karangwa imeondoka na lori la posta. Nilimsomea mama mukwe yote. Alinirudisha mahali pamoja tu, pale nilipoandika kwamba alininyamazia kwa sababu ni mwema. "Toa hiyo," alisema. "Andika kwamba nilikuwa nakungojea."

Kopo nimempa yeye. Ameliweka pamoja na vibuyu vyake, na dawa yoyote itakayoingia nyumba hii mimi nitasoma karatasi, yeye atavunja kidonge. Na jana amerudi kusukasuka maziwa mlangoni.