Naapa Mwanasha Ni Gari

Bi Munyiva mpendwa, naomba unisaidie katika safu yako ya ushauri kabla sijapoteza mke kwa sababu ya kitu chenye magurudumu.

Mimi ni mtu wa pande za Bungoma, nimeoa kwa heshima, sinywi, kanisani niko kwaya ingawa sauti yangu si ya kusifiwa, na hapa Nairobi nilifanya kazi za mjengo mpaka mgongo ukakataa, ndipo nikapata kazi ya bustani kwa tajiri mmoja wa Lavington anayeitwa Bwana Mohdhar, mtu wa Mombasa mwenye duka la mapazia katikati ya mji, na kusema kweli hana ubaya, hatukani watu, chakula wanachokula wao ndicho ninachokula mimi, ila ana ugonjwa mmoja tu, ana gari kuukuu la Kijapani, Datsun ya milango miwili yenye pua ndefu, rangi yake kama chungwa lililoiva, aina ile ambayo wazee wanasema ilikuwa ikitimua vumbi kwenye Safari Rally kabla mimi sijazaliwa, na gari hilo amelipa jina la mwanamke. Analiita Mwanasha.

Mwanzoni nilidhani ni mzaha wa matajiri. Bwana Mohdhar hasemi gari limezimika, anasema Mwanasha amenuna. Hasemi mafuta yamekwisha, anasema ana njaa. Hata mke wake, Bi Laila, amezoea, akipita karibu nalo hulisalimu, hujambo mke mwenza, kisha anaenda zake bila kungoja jibu.

Sasa tajiri alipofungua duka jingine kule Mombasa akawa haonekani sana Nairobi, ndipo akanifundisha kulitunza, na Bi Munyiva, hayo magari ya zamani si kama haya ya siku hizi ambayo mtu anabonyeza kitufe na kuondoka, yana kabureta, na asubuhi ya baridi lazima uvute choki, kile kishikio cha kuamshia injini baridi, ukanyage mafuta kidogo, usubiri, ukikanyaga sana injini inalowa na kukataa kabisa, ukikanyaga haba inakohoa na kulala tena, kwa hivyo unategea sikio kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye homa. Lisipowashwa betri inakufa. Jioni lazima lipanguswe na kufunikwa kwa shuka la pamba, si la nailoni, maana nailoni hufungia unyevu na unyevu ndio unaozaa kutu. Nimetembea barabara yote ya Kirinyaga na mpira wa rejeta begani nikitafuta mwenzake, wauza spea wakiniuliza kama huyo nyoka ninamuuza au ninamfuga, na maji ya betri nayafuata kwa miguu mpaka Adams Arcade kwa sababu ya karibu siyaamini.

Basi bila kujijua ulimi wangu ukafuata wa tajiri, nikaacha kusema limewaka, nikawa nasema ameamka.

Siku ya balaa, mke wangu Naliaka, aliye nyumbani Bungoma, alinipigia simu asubuhi na mapema kuuliza nitaenda lini kujenga jiko letu ambalo ukuta wake uliangushwa na mvua, nikamwambia nitampigia baadaye maana nina haraka, nikabonyeza nikidhani nimekata, nikaitia simu kwenye mfuko wa shati na kuingia ndani ya gari. Kumbe sikukata. Na mimi ninapoliwasha huwa ninaliongelesha, hiyo ni tabia, hata seremala huongea na mbao. Naliaka alisikia yote. Alinisikia nikisema, "Amka mama, najua kuna baridi. Leo sikuharakishi. Ngoja nikupashe moto kwanza. Haya, hapo hapo, usinizimie." Na kwa bahati yangu mbaya kredo yake ya simu ilikwisha kabla injini haijaunguruma.

Akanyamaza wiki nzima, mimi nikadhani ni mtandao, maana kule kwetu huwa unasumbua. Alipopiga tena aliniuliza kwa utulivu, mwanamke huyo ni wa wapi. Nikamwambia hakuna mwanamke, ni Mwanasha. Najua, Bi Munyiva, nami nilisikia nilichosema baada ya kukisema. Nikaharakisha kueleza kwamba Mwanasha ni gari la tajiri, kwamba hakulala vizuri kwa sababu ya baridi ya Julai, kwamba nisipomfunika jioni asubuhi anakuwa mkaidi, na kila nilipoeleza niliona ninazidi kuchimba. Naliaka alifika kidato cha nne na Kiswahili alikiweza sana, mimi niliishia darasa la saba, kwa hivyo aliniacha nimalize ndipo akasema, "Baba Ivyne, gari lina li. Gari limelala, gari limeamka. Huyo unayemtaja ana a, kwa hivyo ana miguu."



Naliaka ana mdogo wake, Mercyline, anayefanya kazi ya nyumbani huko Spring Valley, naye akatumwa anipeleleze. Akaja Jumapili baada ya kanisa bila taarifa, akiwa na mwavuli na mvua haipo. Lango lilikuwa wazi kwa sababu nilikuwa nimetoka kutupa majani, nami nilikuwa nimerudi gereji, nimeinamisha kichwa ndani ya boneti, ninapigana na plagi iliyokwama. Sasa utasema nini kwa plagi iliyokwama, nilikuwa ninaiambia tu ilegee, isinikazie, kwamba nami nimechoka. Nikasikia sauti mlangoni.

"Shem, mtoe huyo mwanamke nje kabla sijaingia na huu mwavuli."

Nikamwambia aingie. Akaingia, akatazama chini ya gari, akafungua milango yote miwili, akafungua mpaka buti, akaniangalia mimi nilivyojaa oili usoni, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakalia ndoo yangu ya kuoshea. Nikamshukuru Mungu, nikajua nimeokoka. Akampigia dada yake hapo hapo na kuiweka simu kwa sauti ya juu ili nami nisikie nikisafishwa jina.

"Dada, ni gari kweli. Nimeligusa."

Kisha Naliaka akauliza, "Ni zuri?"

"Zuri, dada. Unaweza kujitazama mlangoni ukapaka poda."

Mercyline akaangalia kama simu imekatika. Ndipo Naliaka akasema, "Basi afadhali angekuwa mwanamke. Mwanamke angemchosha siku moja, akarudi nyumbani."

Mercyline akaacha kucheka. Naliaka akaongeza kwamba mwisho wa mwezi huu ukifika hajaniona, atamchukua mtoto wetu Ivyne na kurudi kwa baba yake Kimilili, na mimi nibaki nikipasha moto ninachokipasha.

Bi Munyiva, huu ni uonevu gani? Nilishtakiwa kuwa na mwanamke, ikathibitika sina, na badala ya kuachiliwa nimeongezewa kifungo. Kuondoka siwezi, kwa sababu Bwana Mohdhar hawezi kukubali Mwanasha aachiwe mtu asiyemjua, na mimi mwenyewe nikifikiria mtu mwingine anavuta ile choki kwa nguvu, usingizi hauji. Niambie maneno ya kumwambia mke wangu ili aelewe.

Ni mimi, Mume wa Mke Mmoja, Lavington.

*

Bi Munyiva anajibu:

Mume wa Mke Mmoja, jina hilo umejipa mwenyewe, mkeo hajalitia sahihi.

Nimecheka kwa barua yako, sitaficha. Mwenzangu wa meza ya pili alikuja kuniuliza kama nimepaliwa, nikamsomea habari za plagi, naye akashindwa kumaliza chai yake. Kwa hivyo asante. Sasa kaa chini.

Ninaamini huna mwanamke. Mkeo pia anaamini, na hilo ndilo ambalo hujalielewa mpaka sasa. Unaomba maneno ya kumfanya aelewe, na katika watu wote waliotajwa kwenye barua hii yeye ndiye aliyeelewa kabla ya wengine. Alipokuwa akidhani ni mwanamke alikuwa na matumaini. Alipojua ni gari, na kwamba ni zuri, aliona kwamba hakuna aliyekulaghai. Umekaa huko kwa kupenda.

Isome barua yako tena. Choki imo, kabureta imo, shuka la pamba limo, maji ya betri yamo na safari yake ya miguu. Jiko la mkeo umelitaja mara moja, tena kwa haraka, ukipita kuelekea kwenye gari. Huyo mwanamke anapikia wapi, Baba Ivyne? Hukusema. Nina wasiwasi kwamba hukuuliza. Gari likikohoa unajua kama ni baridi au limelowa, lakini mkeo aliponyamaza wiki nzima ulisema ni mtandao.

Halafu unaniambia Bwana Mohdhar hawezi kukubali uondoke. Nimetafuta mahali ulipomwomba ruhusa akakunyima, nikatafuta hata nyuma ya karatasi. Hakuna. Hukumwomba. Umemsingizia tajiri wa watu, ambaye kwa maneno yako mwenyewe hana ubaya, kwa sababu wewe ndiye usiyetaka kuiacha ile choki mikononi mwa mtu mwingine.

Si kwamba sikuonei huruma. Mtu aliyebeba mawe ya nyumba za wenzake mpaka mgongo ukakataa, akija kukabidhiwa kitu kizuri, tena kitu kinachomwitikia akikigusa vizuri, moyo wake utashikwa. Pengine hakuna kingine katika mji huu kinachokuitikia kila asubuhi. Nyumbani mambo si hivyo. Nyumbani ukikosea, injini hailowi ukasubiri ikauke ukajaribu tena. Nyumbani watu wanahama na kwenda Kimilili.

Haya, nisikilize, maana mwezi haukungoji.

Nimempigia fundi mmoja mzee, Mwangangi, ambaye magari ya zamani ndiyo yaliyomlelea watoto. Nikamuuliza kama Datsun hiyo itakufa ikiachwa. Akaniuliza kama hilo gari linanyonya. Anasema jaza tangi mpaka juu ili lisishike kutu ndani, chomoa waya mmoja wa betri, tia upepo kwenye magurudumu zaidi ya kawaida, na usivute breki ya mkono maana itagandamana, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Lifunike kwa hilo shuka lako. Anasema gari hilo limeishi kuliko wewe na halikukungoja uzaliwe, likilala mpaka urudi halitakumbuka kama uliondoka. Na hakuna haja ya mtu yeyote kugusa choki, kwa hivyo usingizi wako uko salama.

Ukiisha kusoma hapa, mpigie Bwana Mohdhar. Usimweleze habari za nani amelala na nani amenuna. Sema hivi: "Bwana, jiko la mke wangu limeanguka, naomba ruhusa nikalijenge." Basi. Akisitasita, usibishane naye, nenda ukamwambie Bi Laila maneno hayo hayo. Mwanamke anayelisalimu gari la mumewe kwa jina la mke mwenza hahitaji kuelezwa mara mbili, na ruhusa utaipata kabla hujafika kwenye lango.

Naliaka usimpigie kumwambia kwamba unakuja. Ahadi zako ameshazisikia. Mpigie ukiwa stendi ya Bungoma, asikie mwenyewe makelele ya huko kwenu, na safari hii hakikisha umekata ukimaliza kuongea.

Ukifika usianze na maelezo. Jina la Mwanasha lisitoke kinywani mwako hata kwa mzaha, na kama una picha za gari kwenye simu, ambazo najua unazo, zifute njiani. Msalimu mkeo, mbebe mtoto, kisha ukaone ukuta ulivyoanguka. Kazi ya mjengo unaijua. Utakapokuwa unachota udongo atakuja kusimama karibu, na atasema jambo, labda kali. Usijibu upesi. Sikiliza kama unavyosikiliza huko kwenye boneti.

Kuhusu ulimi wako, sarufi ya mkeo ni sahihi na ninaiunga mkono. Kuanzia leo gari ni li. Anayelala, anayeamka, anayenuna na anayehitaji kubembelezwa ni mmoja tu, naye ana jina la Kibukusu, Naliaka.

Na siku hiyo ukiwa umefika nusu ya ukuta, mikono imejaa matope, pikipiki ikapita barabarani inakohoa vibaya na mwenyewe anaikanyagia mafuta ovyo, usigeuze kichwa. Kandika.