Kapela Ndani ya Bahasha ya Magonjwa

Tabora, Jumanne. Joto limekaza tangu asubuhi. Mawingu yanapita juu ya boma na kwenda zao bila kutuachia hata tone. Nimerudi kutoka mtaa wa Ng'ambo kabla ya saa nane, na chakula kimenishinda.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunicheka. Mwaka huu nimechora ratiba nne, kila moja kwa rula na wino wa rangi mbili, nikazibandika ukutani. Saa moja hadi saa sita, kuandika. Ikifika saa moja nachonga penseli. Kisha nafagia chumba. Mke wangu akipita mlangoni nainamisha kichwa ili adhani nafikiri. Tasnifu ya udaktari niliyoifuata Uingereza, kisha nikarudi nyumbani kuikusanyia habari, ilifika sura ya pili ikakaa chini.

Si uvivu. Nimeacha kuipenda.

Nilidhani dawa yake ni mpangilio. Profesa wangu aliniandikia kwamba maelezo ya wapagazi niliyokusanya ni marefu mno, niyapange kwa mada. Basi nikachukua daftari lenye maneno ya Babu Mihambo, mdogo wa babu yangu, aliyebeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani akiwa kijana, kabla ya reli. Nikalikata vipande kwa mkasi. Chakula bahasha yake, maji bahasha yake, magonjwa, mizigo, ushuru. Siku ile nilijiona mtu wa maana kweli. Sura ya tatu ikatoka kwa wiki mbili. Ilibaki kuipeleka posta Ijumaa hii, kwani chuo kimesema isipofika kabla ya mwaka kwisha, nafasi yangu atapewa mwingine.

Leo nilimpelekea Babu nimsomee kwanza. Habari ni zake, macho yake hayaoni tena, na tangu mwezi uliopita hali yake si nzuri.

Nilimkuta barazani amejifunika blanketi katika joto hili. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na hapohapo akaanza utani wake.

"Mke wangu hajambo? Au unamlisha karatasi zako?"

Nikacheka, nikaanza kusoma. Habari za chakula alizisikiliza vizuri. Kwenye maji alianza kuhangaika, vidole vyake vikihesabu kitu juu ya goti. Nilipofika Mgunda Mkali, ile nyika kavu ya siku nyingi kabla ya kuingia Ugogo, akainua mkono.

"Jana tulilala wapi?"

Sikuelewa. Akauliza tena. Nikamweleza kwamba sikupanga kwa kambi, nimepanga kwa mambo. Akaniambia kuwa kila walipolala mnyapara aliita majina yote, na hakuna aliyekunjua mkeka kabla jina la mwisho halijaitikiwa. Hivyo ndivyo anavyoikumbuka safari mpaka leo, kambi na majina yake, kisha kambi nyingine na majina yake.

"Kapela yuko wapi?" akauliza.

Kapela alikuwa rafiki yake wa kijiji kimoja. Aliugua kuhara damu kambi ya tatu ya Mgunda Mkali. Asubuhi walimwacha chini ya mti wa miiba na kibuyu cha maji, kwa sababu msafara haukuwa na desturi ya kungoja mgonjwa. Hayo nilikuwa nayo daftarini. Ambalo sikuwa nalo ni hili: jioni ile mnyapara alipoita jina la Kapela, Babu aliitikia kwa niaba yake. Akaendelea kumwitikia kila kambi, hadi Bagamoyo.

Hakuwahi kuniambia, na najua sababu. Mwaka jana nilipokuwa naandika, kila alipoanza kutaja majina nilimkatiza kwa swali. Nilitaka kujua bei ya mtama.

Katika sura yangu, Kapela ni mstari mmoja chini ya magonjwa. Wapagazi wengine waliachwa njiani, ndivyo nilivyoandika. Hata jina sikuliweka.

"Basi umemwacha mara ya pili," Babu akasema. Alisema polepole tu, bila hasira. Heri angenigombeza.

Nilirudi nikisukuma baiskeli, nikilia, mtu mzima mwenye miwani.

Nimemwaga bahasha zote juu ya mkeka. Tangu saa nane natafuta kila kipande ni cha kambi gani, kuanzia Rubuga, kisha Tura, na kuendelea. Vingine siwezi kuvijua. Anavijua Babu peke yake, na sijui ana siku ngapi. Ratiba zote nimezibandua, mahali pake nimebandika karatasi ya majina kumi na moja aliyonitajia Babu, na la Kapela liko katikati. Ijumaa posta itaondoka bila sura yangu. Nitamwandikia Profesa, na huenda asinielewe. Naogopa sana kuipoteza nafasi ile.

Lakini tangu saa nane sijachonga penseli hata moja.

Kesho asubuhi nakwenda kumsomea tangu kambi ya kwanza. Kila kambi nitaita majina. Nikishaita la Kapela nitanyamaza, nimwache Babu aitikie.