Sidii ya Pili

Heru Juu, Kasulu
15 Septemba 2024

Baba yangu mpenzi,

Mwakeye baba, na shikamoo. Mimi mzima, watoto wa shule wazima, muhogo wa huku mwaka huu umekubali. Wewe hujambo? Ukisema hujambo sitakuamini, maana jirani yako Theonest ameshanipigia simu akamwaga yote. Ati juzi ulimimina chai pembeni ya kikombe ukadhani umekijaza. Ati simu yangu huipokei kwa kuwa vitufe huvioni. Ndiyo maana naandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za ubaoni darasa la kwanza. Usinicheke.

Baba, jicho la kulia limekwenda, hilo tumeshalizika. La kushoto bado. Nimeuliza hospitali Kasulu mjini, wakasema hiyo ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, kilichobaki ndicho cha kuokoa. Madaktari bingwa wa macho watafika tarehe 16 Desemba na watakaa siku tano tu. Ukishapasuliwa unabaki karibu wiki mbili wakuangalie. Chumba ninacho, na kitanda nitakupa changu.

Najua utasema Krismasi. Nakuomba usiseme Krismasi.

Mwanao,
Ernesta


Kibondo
6 Oktoba 2024

Kwa mwanangu Ernesta,

Marahaba mama. Nilikaa mlangoni penye mwanga nikaisoma barua yako, nikaimaliza kwa siku mbili. Athuman kondakta aliniletea pamoja na maharage, nimekula, ahsante. Hali si mbaya. Ile chai ilikuwa ya Theonest, kwa hiyo hasara ni yake.

Nasema Krismasi. Wewe umekulia kibandani kwangu cha video, wajua. Kila tarehe 25 saa tisa mchana naonyesha picha ileile, ya binti wa stesheni kwenye theluji na kijana aliyemwambia Krismasi nitarudi. Watu wanatoka Murungu kwa miguu. Wengine wanatoka Nyabibuye wamepakiana watatu kwenye bodaboda. Wenye maduka wa sokoni, Waislamu watupu, wanafunga na kuja na wake zao. Na sidii yenyewe ni ya kwanza tu, ya pili haijapata kufika Kibondo. Picha inakatika binti kasimama na sanduku lake, treni inaingia. Basi nazima deki, nasimama mbele, nawamalizia kwa mdomo: kijana anashuka, anamshika mkono, kengele za kanisa zinalia. Wanalia kama hawajawahi kuisikia. Sina dawa ya mvuto mimi. Ni nani hapa ambaye hana mtu wake aliyepanda gari akasema nakuja?

Mimi ninaye. Mama yako Swaumu alipokwenda kwao Ujiji alisema atarudi Krismasi. Hakusema ya mwaka gani. Huu wa kumi na mbili, na najua majirani wananionaje. Lakini akifika siku hiyo akute kibanda kimefungwa, atadhani nimekufa.

Hata hivyo barua yako imeniingia. Nimeanza kumfundisha Theonest kusimulia. Sauti yake ya mnada wa mbuzi, ila maneno anayashika. Akiyamudu, atakaa yeye kibandani siku hiyo, na akimwona mama yako atamwelekeza kwamba nipo Kasulu kwa binti yetu. Hapo nitakuja. Sijaahidi, nimesema akiyamudu.

Baba yako,
Ildefonsi


Heru Juu
10 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba Mungu jicho liwe limekuvumilia uisome hii mpaka mwisho. Usimpe mtu mwingine akusomee.

Siwezi kungoja Theonest ajue kusimulia. Mwezi umepita, hujasema unakuja wala huji, na mimi usingizi sipati. Nina jambo nimekaa nalo tangu Agosti. Nilikwenda Kasulu sokoni kununua kitenge cha sare ya kwaya, nikainua macho, anayenipimia ni mama.

Yupo Kasulu, baba. Ana mume, anaitwa Khatibu, wanauza vitenge pamoja. Wana mtoto wa miaka saba. Sikumtukana. Nilitaka, lakini alinishika mikono, nikashindwa. Nimekwenda kwake mara tatu. Mwalimu mwenzangu anayo ile picha nzima kwenye kompyuta, nikaibeba tukaitazama mimi na mama. Kijana hafiki. Binti anamngoja mpaka kengele ya mwisho, halafu anapanda treni anakwenda zake. Mama hakushangaa. Alisema aliiona nzima Ujiji kabla hajaolewa na wewe, na kwamba miaka yote alikaa kimya ukisimulia vyako kwa sababu watu walikuwa wanafurahi.

Nikamwuliza, na wewe ulikuwa unafurahi? Akasema, "Nilikuwa namwonea wivu yule binti."

Nimekuandikia haya kwa uchungu, si kwa kukukomoa. Hakuna anayekuja Kibondo. Njoo uokoe jicho lako. Mama nimemweleza habari za macho yako, amelia sana. Duka lake liko mtaa wa pili kutoka hospitali, amesema ukilazwa atakuletea uji wodini kila asubuhi. Hutakosa mtu wa kukuuguza.

Nijibu upesi.

Mwanao akupendaye,
Ernesta


Kasulu, stendi
19 Desemba 2024

Baba,

Shikamoo. Naandika nimesimama, Athuman ananihimiza. Jina lako niliandikisha la nne. Nimekuja hapa stendi siku nne mfululizo, kila basi la Kibondo linaposhusha watu nachungulia hadi kiti cha nyuma. Madaktari wanaondoka kesho jioni. Panda basi la kwanza la alfajiri, nauli nimeshalipa. Kama umenikasirikia, njoo unipige makofi hapahapa mbele za watu.

Ernesta wako


Kibondo
12 Januari 2025

Kwa mwanangu Ernesta,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya. Mwandiko ni wa Theonest, maneno ni yangu. Nimemwapisha asiongeze lake.

Tangu siku ya pili ya mwaka sitofautishi mchana na usiku. Maumivu hakuna. Barua yako ya Novemba ndiyo ya mwisho niliyoisoma kwa macho yangu, ile ya stendi nilisomewa.

Umekuwa ukimwuliza Theonest mbona sikuja. Sijapata kukudanganya tangu uzaliwe, sianzi leo. Theonest aliyamudu maneno mwishoni mwa Oktoba. Nguo zangu nilizifunga kwenye mfuko, nikamwagiza Athuman aniwekee kiti cha mbele tarehe 15 Desemba. Sikukuandikia, nilitaka kukushtua. Kisha ikafika barua yako.

Mimi kungoja kulikuwa kunaniwezesha mambo mengi. Hata safari ya huko, kungoja kungeniwezesha. Lakini nilale pale nimefungwa kitambaa machoni, nisikie sauti yake baada ya miaka kumi na miwili, anilishe uji kwa kijiko, na mumewe anamngoja nje ya mlango? Nilijaribu, mwanangu. Nilikwenda stendi na mfuko mkononi mara mbili, nikarudi. Moyo uligoma. Nikajiambia mwakani, madaktari wakirudi. Jicho halikukubali.

Krismasi nilisimulia mwenyewe. Watu walijaa mpaka nje, bibi Mwanaamina wa Murungu aliketi chini mbele kabisa. Binti alipobaki na sanduku lake nikazima deki nikasimama. Nilikuwa nimedhamiria kuwaambia ukweli, kwamba hafiki mtu. Nikasikia mtu anavuta kamasi kabla sijafungua mdomo. Nikawaambia kijana ameshuka. Zamani nilikuwa nasema ninachokiamini. Safari hii niliwadanganya, na ndipo walipolia kuliko miaka yote.

Deki nimempa Theonest, kibanda sasa ni chake. Anasema ataendelea kila Krismasi, watu hawatakubali aache. Mimi sitahudhuria.

Usijilaumu. Ulitaka kunitoa kwenye ungojaji wangu uniokoe, na najua ulifanya kwa pendo. Usije kunichukua. Kasulu sikai, hata kwako. Njoo unitembelee shule zikifungwa, uje peke yako.

Na mama yako akiuliza, mwambie naona.

Baba yako,
Ildefonsi