Baba Mkubwa, Nani Alikuambia Nimekua?

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Huko uliko huwezi kuniitikia, lakini ulinilea kwa adabu na siwezi kuanza kukusema kabla sijakuamkia. Mwaka jana tulipokuzika nililia kuliko wanao wa kuzaa, na waliokuwepo wakasema binti huyu alipendwa sana na marehemu. Ni kweli, ulinipenda. Hilo ndilo linaloniudhi. Ungekuwa mtu mbaya ningekuwa nimeshakusahau.

Nakuandikia kwa sababu mwezi uliopita tulikuwa na mkutano wa kijiji, na mjadala ulikuwa umri wa utu uzima. Afisa maendeleo ya jamii, dada mmoja mpole aliyehamishiwa huku kutoka mkoa wa mbali, alisimama mbele yetu akauliza swali jepesi: mtu aitwe mtu mzima akifikisha miaka mingapi? Akaeleza kwamba sheria ya ndoa inamruhusu binti aolewe akiwa na miaka kumi na mitano, mzazi akiridhia, lakini kura hapigi mpaka afike kumi na minane, na kwamba wako wanaotaka umri wa ndoa nao upandishwe. Ungeona mikono ilivyoinuliwa! Wanaume ambao barabara ikikatika hawana la kusema, siku hiyo kila mmoja alikuwa profesa. Wa kwanza kusimama alikuwa mwanao, Kaka Kasto, aliyerithi kiti chako cha ukoo. Akakohoa kama ulivyokuwa ukikohoa wewe, akasema, "Umri si miaka, mheshimiwa. Umri ni akili. Binti akikua, sisi wazazi tunamwona." Wakampigia makofi.

Eti wanamwona. Nikakumbuka wewe ulivyoniona.

Ulinipokea nikiwa na miaka saba, baba na mama wakiwa wamefariki. Siku ya Komunyo yangu ya Kwanza mvua ilinyesha, ukanibeba mgongoni kupanda kilima chote hadi kanisani ili viatu vyangu vyeupe visipate tope. Wanao walitembea kwa miguu. Mama Mkubwa alikuambia utaniharibu, nawe ukamjibu, "Mtoto wa marehemu hatembei kwenye tope mimi nikiwepo." Neno hilo nililishika. Nikawa nakufuata kila mahali, na chochote ulichokisifu mimi nilitaka kukifanya vizuri zaidi.

Ndiyo maana nilijifunza ngolo. Ulikuwa ukifyeka majani na kuyapanga miraba miraba kwenye mteremko, kazi ya wanaume, kisha sisi wanawake tukachimba katikati na kuyafukia yawe matuta, ili mvua ijae kwenye mashimo badala ya kuserereka na udongo wetu. Mwaka mmoja mvua kubwa ilibomoa ngolo za watu wazima wenye wajukuu. Zangu hazikubomoka. Nilizichimba vile kwa sababu nilitaka unisifu, sikuwa na sababu nyingine.

Na ulinisifu. Jioni ile nilipeleka ugali na maharage kwenye sengu, pale kwako ambapo wanaume wa ukoo walikula pamoja na kuamua mambo. Nilipoinama kuweka bakuli nikakusikia ukiwaambia, "Huyu amekua. Tazameni ngolo zake." Nilirudi jikoni nikicheka peke yangu, nikamwambia Mama Mkubwa kwamba nimesifiwa mbele ya wazee. Aliendelea kukoroga mboga bila kunitazama. Kumbe nilikuwa nimeozwa. Kwa kipimo hicho, Baba Mkubwa, hata jembe lingeolewa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mkanishusha Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, kwa mvuvi aliyenizidi miaka mingi. Hakuwa mkatili, Mungu amrehemu naye. Nilijifunza ugali wa muhogo, nikajifunza kuanika usipa, wale dagaa wa ziwani, nikajifunza Kinyasa cha kusalimia wakwe. Siku moja mume wangu alipata wageni akanituma bia. Mwenye duka akanitazama juu hadi chini. "Watoto hatuwauzii pombe. Nenda kamwite mtu mzima nyumbani." Nikamwambia mtu mzima wa nyumbani ndiye mimi, mimi ndiye mwenye nyumba. Duka zima likacheka, nami nikarudi mikono mitupu kwenda kumwambia mume wangu kwamba mkewe bado mtoto.

Mwaka wa uchaguzi nikaenda kujiandikisha, tumbo la Otilia limetangulia mbele. Karani aliniuliza nimezaliwa lini, akatikisa kichwa. "Bado mdogo, binti. Subiri uchaguzi ujao." Aliongea kwa upole kabisa, akainuka hata kunipisha nipite na tumbo langu la kitoto. Kumchagua diwani kulihitaji akili ambayo sikuwa nayo. Kuchaguliwa mume hakukuhitaji akili yoyote, si yangu wala ya waliochagua. Siku niliyofikisha miaka kumi na minane, ile siku serikali inapokukabidhi utu uzima wako, sikuwa na habari. Mtoto alikuwa na homa na usipa ulikuwa haujakauka. Nilikuja kuikumbuka ilipokwisha kupita.

Sasa nirudi kwa Kaka Kasto, bingwa wa kuwaona watoto wakikua. Msimu uliopita Feliksi wake, mwenye miaka ishirini na sita, alipanda bodaboda akiwa amelewa akaparamia vichanja vya kahawa vya jirani. Kahawa ya watu ikamwagika kwenye matope. Unajua baba yake alisema nini alipoitwa mbele ya wazee? "Tumsamehe jamani, bado mtoto." Mtoto ana ndevu! Wazee wakaguna, wakakubali, wakamwambia mtoto asirudie. Katika ukoo wetu mwanamume hukua polepole kama mvule, na mwanamke huchomoza usiku mmoja kama uyoga.

Unajiuliza kwa nini nina hasira hivi juu ya mkutano. Nina hasira kwa sababu Kaka Kasto hakuwa akijadili sheria pale. Alikuwa akimjadili Otilia wangu.

Mume wangu alipofariki nilirudi huku mlimani na mwanangu. Ana miaka kumi na sita, amemaliza kidato cha nne, anangoja matokeo. Mwanafunzi hawamgusi, wanaogopa jela, kwa hiyo walisubiri afanye mtihani wa mwisho, kama watu wanavyosubiri kahawa iwe nyekundu. Kalamu ilikuwa bado haijapoa mkononi mwake, mnunuzi mmoja wa kahawa wa Mbinga mjini akaanza kuja kwa Kaka Kasto na gari lake, anakula, anacheka, anaitwa mkwe.

Wiki moja baada ya mkutano wakaniita kwenye sengu. Mimi niliyezoea kuweka bakuli na kuondoka, nikaletewa kiti. Walinihitaji, kwa sababu sheria ile ile mliyonioza nayo inasema baba wa binti akifariki anayeridhia ni mama. Kaka Kasto akanilainishia sauti. "Dada, haya ni mambo ya sheria tu. Wewe sema ndiyo, mengine tutamaliza sisi."

Nikasema hapana.

"Anajua kupika, anajua kulima, ana heshima," akasema. "Unangoja nini?"

"Nangoja akue."

"Mbona wewe uliolewa na hukufa?"

Ndoa ya mtoto anaipima kwa kutokufa! Ndipo wakakutoa wewe, kama karata ya mwisho. "Baba angekuwa hai angekubali," akasema Kaka Kasto, na vichwa vyote vikaitikia.

"Najua," nikawaambia. "Alishakubali mara moja. Inamtosha."

Nikainuka nikaenda zangu. Kaka Kasto ametangaza kwamba nisikanyage tena nyumbani kwako, na shamba nililokuwa nikilima wamempa mtu mwingine. Tumepanga chumba karibu na misheni. Otilia akifaulu atakwenda kidato cha tano, akifeli atarudia mtihani. Mume hayumo katika hesabu hizo mpaka yeye mwenyewe aje aniambie, akiwa mkubwa wa kunibishia.

Nimejiuliza sana kama ungekuwepo siku ile ungenitetea. Usingenitetea, Baba Mkubwa. Ungenishika mkono, ungeniita mwanangu kwa sauti ile ya siku ya Komunyo, ungeniambia mkwe ni mtu mzuri. Wale wengine nawadharau, kwa hiyo kuwakatalia kulikuwa rahisi. Wewe nilikupenda. Ungenisihi mara moja tu, ningemtoa mwanangu.

Pumzika kwa amani. Ninakuombea kila Jumapili, na kila Jumapili, Mungu anisamehe, nashukuru kwamba hukuwepo.

Ni mimi, binti wa mdogo wako,
mama yake Otilia.