Vidonge Kwenye Chupa ya Vitamini

4 Machi

Dada mpenzi,

Hujambo? Mgongo umepoa, au bado unasimama kutwa hapo duka la dawa? Sisi wazima wa kuonekana tu.

Naandika kwa mkono kwa sababu mume wangu husoma simu yangu. Unakumbuka nilivyotokwa na damu nikijifungua huyu wa nne, daktari akasema mimba nyingine itaniua. Mume wangu akacheka: "Madaktari ndio maneno yao." Vidonge vya uzazi wa mpango haviuzwi bila cheti cha dawa, na huku mwandika vyeti hospitalini ni wifi. Nikimwambia asubuhi, jioni mama mkwe anajua. Nitumie wewe. Naogopa kitanda changu mwenyewe.

Kitinda wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Mgongo ni ule ule, haujahama. Bosi akijua nimetoa bila cheti, kazi sina. Na cheti si urembo. Kabla ya kukiandika wanakupima presha, maana mwenye presha ya kupanda vidonge hivi vinaweza kumgandisha damu. Nikikuuliza kwa barua utasema huna kitu, nakujua. Kapimwe kwanza, mahali usipojulikana.

Hata hivyo nimempa dereva wa basi akuletee. Nimevibandua kwenye pakiti zake nikavitia kwenye chupa ya vitamini, mumeo akikagua asishtuke. Vifiche.

Dada yako

30 Aprili

Dada,

Natumaini u mzima. Mimba hakuna, presha yangu nzuri, na shemeji yako yuko safari ya kikazi, simu yangu kaondoka nayo. Ila chupa sikuificha. Niliona vitamini vikifichwa ndipo vitaulizwa, nikaviweka wazi kabatini, pamoja na vikombe.

Leo nimekuta vimepungua. Mama mkwe anacheka: "Mwali, unakula raha peke yako? Mimi nameza viwili viwili, najisikia msichana."

Ana presha, dada. Na tangu jana mguu wake mmoja umevimba. Anasema aliukalia vibaya. Nimwambieje?

Kitinda wako

1 Mei

Mdogo wangu,

Salamu baadaye, nampa dereva wa basi hii ikufike leo. Mpelekeni hospitali sasa hivi, useme alichomeza. Hilo huenda ni bonge la damu, na likipanda mapafuni ni hatari. Mwambie wifi. Wakiuliza vimetoka wapi, nitaje. Kazi nitatafuta nyingine.

Dada yako

5 Mei

Dada,

Hujambo? Barua yako niliipata, nikanyamaza siku moja zaidi. Nilijipa moyo uvimbe utashuka. Alfajiri pumzi ikambana, tukamkimbiza hospitali.

Wifi akauliza amekula nini. Nikatoa chupa. Akavimimina kiganjani, akavitambua.

"Vya nani hivi?"

"Vyangu. Mama alidhani vitamini."

"Na kwa nini hukuja kwangu?"

"Ningekuja, ungenyamaza?"

Akaenda kumwambia daktari, wakabadilisha matibabu.

Baadaye akaniita chumba cha vipimo. Akanipima presha. Akaandika cheti, jina langu kamili, akakikunja na kukitia mfukoni mwa koti lake.

"Utakipata siku mama atakayotoka hapa kwa miguu yake."

Chupa ameichukua. Mama mkwe bado anapumulia mashine, na shemeji yako anarudi Jumamosi.

Kitinda wako